Silikoni ya Buluu

Sista Ayikoru alilileta gari moja kwa moja kutoka zamu ya usiku.
"Linasita," alisema. "Likitoka ya pili kwenda ya tatu
linasita kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake."
Akaketi juu ya tairi kuukuu, sare nyeupe na yote,
akafungua chupa ya chai. Alikuwa na saa tatu, si zaidi.

Oli ilikuwa inaamka, moshi wa kuni, mafuta ya sambusa.
Sebit akapiga jeki, nikatia magogo mawili,
maana jeki haina undugu na mbavu za mtu.
Nikalala chali juu ya katoni,
tumbo la Ipsum shubiri mbili kutoka puani.

Mafuta ya gia, yakiwa mazima, ni mekundu
kama karkade ya mama wa Kinubi pale kona.
Haya yalitoka meusi, yakinuka ugali ulioungua.

Kifuniko kile kina boliti kumi na tano.
Huzifungui kama unavyokula hindi, safu kwa safu.
Unalegeza hii, unavuka ng'ambo, unalegeza ile,
nusu mzunguko, vuka,
nusu mzunguko, vuka,
bati lishuke bila kujikunja.
Kumi na nne zilikubali spana namba kumi.
Moja ilikuwa ngeni, kichwa kikubwa, imelazimishwa.
Nikamtukana kimoyomoyo fundi aliyeilazimisha.
Nikamtukana na aliyemfundisha.

Boliti zimeisha, kifuniko kimeng'ang'ania.
Nikakigonga kwa mpini wa nyundo, nikabembeleza kwa bisibisi bapa.
Kikaachia kwa sauti ya mguu ukichomoka topeni,
na masalio yakanimiminikia kwapani.

Sumaku zilikuwa zimeota manyoya ya chuma.
Hilo halinitishi. Gia nazo husagana, huzeeka.
Ila chujio! Chujio lilikuwa limejaa nyuzi za buluu,
laini kama tambi: silikoni iliyozidi,
iliyofurika ndani siku ya kubanwa,
ikakatika, ikasafiri na mafuta, ikaziba.

Nikakigeuza kifuniko nione ukingo.
Pale, ndani ya buluu iliyokauka, palikuwa na kidole gumba,
alama kamili, kama ya mpiga kura,
na kovu limekatiza mistari kwa mshazari.

Nikainua gumba langu la kushoto kwenye tochi.

Mwaka wangu wa kwanza. Ondoga kaenda msibani Maracha,
kaniachia funguo na gari la mfanyabiashara wa tumbaku.
Nilidhani gundi ni kama sukari, kwamba kuzidisha ndiyo heshima.
Boliti moja ilipotea mchangani,
nikaokota nyingine kwenye kopo, nikasukuma mpaka ikaingia.

"Umeona nini?" Sebit aliuliza.
Nilikuwa na wembe mfukoni. Kukwangua ni sekunde tatu.
Mafuta yalidondoka kwenye beseni, tone, na tone.

Nikajiburuta nje. Nikamwonyesha Sista kifuniko,
kisha gumba.
Alivitazama vyote viwili, bila haraka,
kama anayelinganisha mtoto na kadi yake ya kitandani.
"Mficha uchi hazai," alisema.
"Nimemwambia hivyo msichana wa Vurra alfajiri hii."
Akamimina chai iliyobaki kwenye kifuniko cha chupa, akanipa.
"Kwa hiyo pesa ya kazi sitoi."
"Hutoi."
"Na mafuta mapya?"
"Nusu."
"Yote."
"Yote, Sista."

Nikakwangua buluu yote, isipokuwa kipande chenye gumba,
nikakitia ndani ya kiberiti.
Kwenye kopo nilipekua mpaka nikapata boliti ya saizi yake.
Sebit akaomba afunge yeye.
Nikamfuta vidole kwanza, kimoja kimoja, kwa kitambaa kikavu.
Nikamminyia silikoni kwenye ncha ya kidole,
kidogo, kama wanja,
kisha nikalala kando yake kwenye katoni, nikahesabu:
nusu mzunguko, vuka.